Kompyuta Ikianguka Bugomora: Tusasishe, Tuache, au Tusome Kwanza?

Hoja iliyo mezani inahusu kompyuta za Bugomora, kata ya wilaya ya Kyerwa, ambako mambo mengi ya watu sasa hupitia kwenye mashine chache: barua za kuomba kazi, fomu za mkopo wa elimu ya juu, mitihani ya majaribio, orodha za wakulima wa kahawa. Nyingi ya mashine hizo ni za mtumba, na zinaanguka. Skrini inageuka bluu, maandishi meupe yanatokea, kompyuta inajizima na kujiwasha, na kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. Mwenye mashine akiuliza sababu, mara nyingi huambiwa kwamba draiva zimepitwa na wakati. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa fulani, iwe printa, kadi ya mtandao au kadi ya picha.

Je, jibu hilo ni la kweli? Na likiwa la kweli, dawa ni kusasisha kila draiva, kuiacha mashine ilivyo, au kupiga Windows upya? Nimezipanga hoja katika sauti nne: Fundi, Mwenye Steshenari, Mwalimu, na Katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Hawa si watu halisi. Ni misimamo ambayo yeyote aliyewahi kusubiri kompyuta ifufuke ataitambua. Mimi nimekaa kiti cha mwenyekiti, na mwishoni nitasema ninaposimama.

FUNDI: Mwenyekiti, mimi nasema tusasishe. Naanza na swali la kwa nini draiva, kati ya programu zote, ndiyo yenye nguvu ya kuangusha mashine nzima. Programu ya kawaida kama Word ni mkulima aliyesimama kwenye dirisha la ghala la ushirika. Anaomba, anapewa, na akifanya fujo anaondolewa peke yake, foleni inaendelea. Draiva nyingi zimekabidhiwa ufunguo wa ghala. Zinafanya kazi ndani ya kiini cha Windows, katika kumbukumbu ileile inayotumiwa na mfumo mzima. Draiva ikigusa mahali isipostahili, Windows haina tena njia ya kujua gunia lipi ni salama, kwa hiyo inafunga ghala lote. Skrini ya bluu ndiyo kufunga huko. Windows inajisimamisha kwa makusudi, kabla haijaharibu mafaili yaliyo kwenye diski.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza kiini cha Linux wakakuta kwamba kiwango cha makosa katika draiva kilikuwa mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za kiini. Mwaka 2003 wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba asilimia 85 ya maanguko ya Windows XP yaliyoripotiwa yalisababishwa na draiva. Sasa tazameni mashine zetu. Kompyuta imezaliwa enzi za Windows 7, ikapandishwa kwenda Windows 10 bila kusafishwa, na draiva ya kadi ya mtandao ikabaki ya zamani. Inafanya kazi vizuri mpaka siku unapofunika kompyuta mpakato ilale, kisha unaifunua na kukuta imeanguka na neno DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Kifaa kimeshindwa kulala au kuamka kwa namna Windows mpya inavyotaka. Hapo utaniambia niache?

MWENYE STESHENARI: Fundi, mdogo wangu, ghala lako nimelielewa. Lakini wewe unatazama kiini cha mashine, mimi natazama foleni ya wateja. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo, vijana wamejaa mlangoni na vyeti mkononi, sina nafasi ya kujaribu jambo jipya. Kanuni yangu ni kwamba printa inayochapa isiguswe. Draiva ya miaka kumi inayochapa ni bora kwangu kuliko ya juzi ninayotakiwa kuijaribu mbele ya watu.

Tena nina ushahidi. Tarehe 9 Machi 2021, siku ya Jumanne, Microsoft ilitoa masasisho ya mwezi ya Windows 10. Baadhi ya walioyapokea walibonyeza kuchapa na kompyuta zikaanguka hapohapo, zikionyesha APC_INDEX_MISMATCH. Walioathirika ni wenye draiva fulani za printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Wewe unajua ni steshenari ngapi zinaendeshwa na mashine za namna hiyo. Jumatatu walichapa, Jumatano wakakwama, na printa zao hazikuguswa na mtu. Aliyezuia masasisho wiki ile alifanya kazi yake kama kawaida.

Na bado sijataja bando. Draiva ya kadi ya picha inaweza kufika mamia ya megabaiti. Nikisasisha kila kifaa kila unaposhauri, faida ya siku yote itaishia kwenye vocha.

FUNDI: Dada, mfano wako unakata pande mbili. Kosa lile la Machi lilirekebishwa kuanzia tarehe 15 Machi 2021, na marekebisho yenyewe yalikuja kama sasisho. Aliyezuia wiki moja alipona. Aliyezuia mwaka mzima alibaki na hatari nyingine, kwa sababu Julai mwaka uleule Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura ya tundu katika huduma ya kuchapa ya Windows, lililopewa jina PrintNightmare. Kupitia tundu hilo mvamizi aliweza kuendesha programu zake kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Ukisema usiguse, useme pia kwa muda gani.

KATIBU: Vijana wangu, naomba nafasi. Mnazungumza kana kwamba kila kompyuta inayozimika imeanguka kwa draiva. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukinunua umeme kutoka Uganda. Sasa tunao hata mtambo wa Kikagati–Murongo wa megawati 14 katika Mto Kagera, ambao umeme wake unagawanywa kati ya nchi mbili, na Murongo iko wilayani humu humu. Hata hivyo umeme hukatika na kurudi kwa ghafla. Kompyuta ya ofisi ikizima saa nane mchana, fundi anakuja kesho yake, anatikisa kichwa na kusema draiva. Amejuaje, na yeye hakuwepo?

Jambo la pili. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024. Saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili jipya kwa wateja wake, na mashine za Windows zikaanza kuanguka duniani kote. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Microsoft yenyewe ilikadiria mashine milioni 8.5. Zile hazikuwa mashine zilizosahauliwa vumbini. Zilikuwa za mashirika makubwa yenye mafundi wa mishahara, na zilianguka kwa sababu zilipokea kitu kipya upesi kuliko wote. Basi mimi, mwenye daftari la wakulima na malipo yao, msimu wa kahawa sitaki mtu aisasishe mashine ya chama.

FUNDI: Mzee Katibu, kwa heshima, faili lile halikuwa draiva mpya. Lilikuwa faili la maelekezo linalosomwa na draiva ambayo tayari ilikuwa ndani ya kiini. Draiva ilisoma maelekezo yenye kasoro, ikagusa kumbukumbu isiyo yake, ikaanguka na mashine yote.

KATIBU: Kwangu mimi niliyekaa mbele ya skrini kuna tofauti gani? Kilichokuja kimekuja, na kazi imesimama.

MWALIMU: Tofauti ipo, Mzee Katibu, na ndiyo sababu nimeomba kusema. Fundi anasema ukongwe unaua. Nyinyi wawili mnasema upya unaua. Mifano yenu yote mitatu inasema jambo la tatu. Machi 2021, draiva za printa hazikubadilika, Windows ilibadilika, vikaacha kuelewana. Kompyuta ya Windows 7 aliyoitaja Fundi iliendelea na draiva ya zamani mpaka mfumo ulipopandishwa. CrowdStrike ilikuwa na draiva ileile iliyopewa maelekezo isiyoweza kuyasoma salama. Kila mara vitu viwili vilivyotakiwa kulingana vimeacha kulingana. Umri wa draiva ni dalili moja tu ya hilo, na wala si dalili yenye nguvu kuliko zote. Hata ile asilimia 85 ya mwaka 2003 inazungumzia draiva kwa jumla. Haisemi zilikuwa za zamani. Draiva mpya iliyoandikwa vibaya ilihesabiwa humo humo.

Kwa hiyo swali la kwanza si tusasishe au tusisasishe. Swali la kwanza ni lile la Mzee Katibu: umejuaje? Na hapo nina habari njema, kwa sababu Windows huweka kumbukumbu, na kumbukumbu hizo zinasomeka hata na mtu asiye fundi.

MWENYE STESHENARI: Zisome basi, Mwalimu, nisikie.

MWALIMU: Tuanze na umeme. Kompyuta ikizimika bila kufungwa vizuri, ikiwaka tena Windows huandika katika Event Viewer tukio namba 41, lenye jina Kernel-Power. Watu hulisoma juu juu na kusema, ona, ni umeme. Hapana. Tukio 41 linasema tu kwamba mashine haikufungwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake utafute mahali palipoandikwa BugcheckCode. Pakiwa na sifuri, Windows haikupata muda wa kuandika lolote: umeme ulikatika, betri iliisha, mashine ilijizima kwa joto, iliganda kabisa, au mtu alishikilia kitufe. Pakiwa na namba nyingine, ilikuwa skrini ya bluu, na namba hiyo ndiyo msimbo wa kosa. Mzee Katibu, kwa mstari huo mmoja fundi aliyekuja kesho yake anaweza kujua kilichotokea saa nane mchana bila kuwepo.

Pili, joto na vumbi. Vumbi jekundu la barabara zetu wakati wa kiangazi huingia kwenye feni. Kompyuta inayozima ghafla baada ya kazi nzito kwa muda, bila bluu, ifunguliwe na kupulizwa kabla ya kutajwa draiva.

Tatu, kumbukumbu, yaani RAM. RAM mbovu ina tabia yake: kila anguko linakuja na msimbo tofauti na linamtaja mshtakiwa tofauti, leo kadi ya picha, kesho diski, keshokutwa kitu kingine. Ukiona mashtaka yanazunguka hivyo, endesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kinachoitwa Windows Memory Diagnostic. Hakihitaji bando hata kidogo.

Draiva ina tabia ya kinyume. Inarudia. Msimbo uleule, au faili lilelile, na mara nyingi kitendo kilekile: kila ukicheza video, kila ukichapa, kila kompyuta ikiamka usingizini. Kadi ya picha, kwa mfano, hupewa sekunde 2 kujibu. Isipojibu, Windows hujaribu kuiwasha upya bila kukusumbua, na ikishindwa inaanguka na VIDEO_TDR_FAILURE, mara nyingi ikitaja faili la draiva lenye kosa. Ukiona jina nvlddmkm.sys, hiyo ni draiva ya NVIDIA. Lakini ukiona ntoskrnl.exe, usikimbilie kuhukumu. Hicho ni kiini chenyewe cha Windows, na mara nyingi kinatajwa kwa sababu ndicho kilichokuwa kazini kosa lilipogunduliwa.

KATIBU: Na maandishi yakipita kabla sijayasoma? Skrini ile haikai.

MWALIMU: Haikai kwa sababu Windows imepangwa kujiwasha yenyewe. Katika mipangilio ya Startup and Recovery kuna alama ya Automatically restart. Iondoe, skrini itakusubiri, uipige picha kwa simu. Katika Windows 11 rangi yenyewe sasa imebadilishwa kuwa nyeusi, lakini msimbo na jina la faili bado vipo. Vilevile Windows huweka muhtasari wa kila anguko katika folda ya Minidump, ndani ya folda ya Windows kwenye diski C, mradi diski isiwe imejaa. Na kama hutaki kuhangaika na mafaili, andika neno reliability kwenye kisanduku cha kutafutia. Utafunguliwa kalenda yenye alama nyekundu kila siku mashine ilipoanguka, na siku hiyohiyo utaona kilichosakinishwa. Mashine iliyoanza kuanguka Alhamisi, na Jumatano usiku ilipokea draiva, imeshajieleza.

FUNDI: Haya yote nayajua, Mwalimu. Sasa nisikilizeni upande wangu. Mteja anakuja na mashine, anataka kuondoka nayo jioni. Nikikaa saa nzima nasoma kumbukumbu, ananitazama ananiuliza, mbona hufanyi kazi? Nikipiga Windows upya anaona mistari inatembea, anaona rangi mpya, analipa kwa furaha. Watu hulipia kazi inayoonekana. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bei ya kusoma. Na mara nyingi kupiga Windows kunasaidia kweli, kwa sababu draiva chakavu zinaondoka zote kwa pamoja.

MWENYE STESHENARI: Na mafaili yangu yanaondoka nazo.

MWALIMU: Pamoja na ushahidi, Fundi. Ukifuta diski umefuta Minidump, umefuta kalenda, umefuta kila kitu ambacho kingesema kosa lilikuwa wapi. Ikiwa kosa ni RAM, mashine itaanguka tena wiki ijayo ikiwa na Windows safi, na mteja atalipa mara ya pili. Ikiwa kosa ni draiva, una bahati kidogo, lakini hujui ni ipi, na Windows mpya ikiunganishwa na intaneti inaweza kuileta ileile. Tena kuna tatizo la papo hapo ambalo kila mtu hapa amelipata: Windows mpya inawaka, skrini ina picha kubwa zisizokaa sawa kwa sababu inatumia draiva ya msingi tu, na kadi ya mtandao haionekani. Ili upate draiva ya mtandao unahitaji mtandao.

Hoja yako kuhusu malipo, hata hivyo, ni ya haki, na lawama yake si yako peke yako. Sisi wateja tumekuzoesha hivyo. Tukubali kulipia uchunguzi kama tunavyolipia kipimo cha malaria kabla ya dawa.

FUNDI: Mkikubali hilo, mimi sina tatizo. Na kuhusu draiva kupotea, kuna dawa ambayo mafundi wengi hawaitumii. Kabla ya kupiga Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi uandike `pnputil /export-driver * D:\Draiva`. D hapo ni herufi ya flashi yako, na folda ya Draiva uwe umeitengeneza mapema. Windows 10 na 11 zitanakili draiva zote zilizoongezwa na watengenezaji wa vifaa. Baada ya hapo hata mashine ikifutwa kabisa, kadi ya mtandao utairudisha kutoka kwenye flashi bila senti ya bando.

MWALIMU: Na shuleni hilo lina faida kubwa zaidi. Shule nyingi hupokea kompyuta kadhaa za aina moja kwa mkupuo. Draiva iliyopakuliwa mara moja na kujaribiwa kwenye mashine moja inaweza kupelekwa kwenye nyingine zote kwa flashi ileile. Dada, nawe ukiwa na mbili zinazofanana, jaribu kwenye ile isiyo ya kaunta.

MWENYE STESHENARI: Hapo mnaanza kunishawishi. Lakini nipakue kutoka wapi? Nikitafuta jina la kompyuta yangu mtandaoni napata kurasa zinazoniambia nina draiva kumi na saba zilizochakaa, nibonyeze hapa nisafishe zote. Nimeona mashine za watu waliobonyeza hapo. Zilijaa matangazo na programu ambazo hakuna aliyeziomba.

FUNDI: Usibonyeze kabisa. Ukurasa usioijua mashine yako hauwezi kujua draiva zake. Sehemu salama ni mbili. Ya kwanza ni Windows Update yenyewe, pamoja na orodha yake ya masasisho ya hiari. Ya pili ni tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, HP, Dell, Lenovo au mwingine, ukitafuta kwa jina kamili la modeli au namba iliyobandikwa chini ya mashine. Kama kifaa hakijulikani kabisa, kina utambulisho wake. Fungua Device Manager, bofya kifaa hicho kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids. Utaona VEN na DEV zikifuatwa na namba. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 10EC ni Realtek, 1002 ni AMD. DEV ni kifaa chenyewe. Kwa namba hizo hukisii tena, unatafuta kitu kimoja kilichotajwa.

Na ukishasakinisha, ukiona mambo yameharibika, rudi palepale Device Manager kwenye sehemu ya Driver ubonyeze Roll Back Driver. Inakurudisha kwenye toleo la jana, mradi Windows ilikuwa imelihifadhi. Mashine isipowaka kabisa, iingize kwenye Safe Mode, ambako Windows hubeba draiva za msingi peke yake. Ikitulia huko na kuanguka huku, mshtakiwa wako karibu hakika ni draiva au programu iliyoongezwa.

KATIBU: Nimewasikia, na ya kusoma kwanza nayakubali. Lakini msimamo wangu wa msimu wa kahawa uko palepale. Siku za malipo ya wakulima mashine inayofanya kazi haisasishwi.

MWALIMU: Siku za malipo, sawa. Mwaka mzima, hapana, Mzee Katibu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti yake rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa ujumla, kichakato cha kizazi cha nane au baada yake. Mashine nyingi za mtumba hazifiki hapo. Wapo wanaozipandisha kwa nguvu kupitia njia za pembeni, na hapo ndipo kutolingana kunapozaliwa upya: mfumo wa leo, kifaa cha jana, na mtengenezaji ambaye hana mpango wa kuandika draiva kati yao.

Tena draiva kuukuu ina hatari isiyoonekana kwa macho. Wavamizi wamejifunza kubeba draiva halali ya zamani yenye tundu na kuipandikiza kwenye mashine ya mtu ili wapate ule ufunguo wa ghala. Kundi lililotumia programu ya utekaji mafaili iitwayo RobbinHood lilifanya hivyo kwa draiva ya zamani ya Gigabyte. Ndiyo maana Windows 11, tangu toleo la 2022, huja ikiwa imewasha orodha ya draiva zilizopigwa marufuku. Daftari la malipo ya wakulima linastahili ulinzi huo.

KATIBU: Basi chama kitafute mashine mpya, au mashine ya malipo iondolewe kwenye intaneti kabisa. Ila kupandishwa kwa nguvu, hapana.

FUNDI: Kwa hilo mimi na wewe tuko pamoja, Mzee.

MWENYEKITI: Nimesema mwishoni nitasimama mahali, na nasimama hapa.

Neno "draiva zimepitwa na wakati" limegeuka kuwa jibu la kila swali, na jibu la kila swali halimsaidii mtu. Fundi yuko sahihi kwamba draiva ndiyo mshukiwa mkuu wa skrini ya bluu. Mwenye Steshenari yuko sahihi kwamba kusasisha kila kitu kwa mpigo ni kucheza kamari na riziki yake. Katibu yuko sahihi kwamba kazi ina majira na mashine lazima iyaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayeweza kutoa uamuzi mzuri kabla ya kufanya alichodai Mwalimu: kusoma ambacho kompyuta imeandika. Kusoma huko hakuna gharama ya bando, hakuhitaji safari ya Kayanga wala Bukoba, na mtu anayejua kutuma pesa kwa simu anaweza kujifunza.

Napendekeza utaratibu huu. Kompyuta ikianguka, piga picha ya skrini na andika ulikuwa unafanya nini. Ikianguka tena, linganisha. Umeme, joto na RAM viondolewe kwanza kwenye orodha, kwa sababu kuvipima hakubadilishi chochote. Ushahidi ukielekea kwenye draiva, nakili mafaili yako na draiva zako kwenye flashi, kisha badilisha draiva moja, ile iliyotajwa, kutoka kwa aliyekitengeneza kifaa au kutoka Windows Update. Tumia mashine siku kadhaa kabla ya kugusa nyingine. Ukibadilisha tano kwa mara moja na mashine ikapona, hujajua iliyokuwa mbovu. Ikiharibika zaidi, hujajua ya kurudisha. Kupiga Windows upya kubaki mwisho wa orodha, baada ya mengine kushindwa.

Yapo ambayo mjadala huu haukuyamaliza. Katibu na Mwalimu hawajakubaliana mashine ya malipo ikae muda gani bila kuguswa, na sidhani kuna jibu moja kwa kila ofisi. Suala la Windows 10 ni zito kuliko sote tuliokaa hapa. Shule na vyama vya ushirika haviwezi kununua kompyuta mpya kila Microsoft inapofunga mlango, na wanaogawa kompyuta kwa taasisi za vijijini wana wajibu wa kuuliza mapema draiva zake zitaandikwa mpaka lini.

Kwa mafundi wetu, ombi langu ni moja, na kwa wateja ni moja. Fundi, kabla ya kufuta diski ya mtu, mwonyeshe msimbo na faili lililotajwa, na umweleze kwa nini unaamini hivyo. Mteja, mlipe kwa saa hiyo ya kusoma hata kama mashine haikupata rangi mpya. Tukifanya hivyo, mafundi wazuri wa Kyerwa wataweza kuishi kwa ujuzi wao wenyewe, na watu watajua wanacholipia.